Kwa nini «je tiens» lakini «nous tenons»?
Historia ya silabi na mkazo katika vitenzi vya Kifaransa



Kila mtu aliyejifunza Kifaransa shuleni anakumbuka zile orodha za vitenzi. Mwalimu anaandika ubaoni: je tiens, tu tiens, il tient. Watoto wanaitikia kwa pamoja. Kisha anaandika: nous tenons, vous tenez. Tazama, ile i imetoweka. Kisha tena: ils tiennent. Na i imerudi! Mtoto mwenye akili anainua mkono: «Mwalimu, sababu gani?» Mara nyingi jibu ni hili: «Ndivyo Kifaransa kilivyo. Shika kichwani tu.» Anayeshika anasifiwa. Anayesahau anaitwa mjinga, na katika shule nyingi za zamani alionja na fimbo pia.

Lakini «ndivyo kilivyo» si jibu. Sababu ipo, na inajulikana. Ilianza miaka elfu mbili iliyopita katika vinywa vya watu wa kawaida: askari, wakulima, wachungaji, akina mama sokoni. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, wala hawakukusudia kumtesa mwanafunzi wa Bukavu au wa Lubumbashi. Walisema tu, wakikaza silabi moja ya neno na kuziacha nyingine zilegee. Leo tufuate njia hiyo toka Kilatini hata Kifaransa, ili tuone kwamba vitenzi vinavyoitwa vya ovyo vina sheria yake, na kwamba mtoto anayeuliza «sababu gani» anastahili kujibiwa.

1. Kwanza tuelewe maneno mawili

Silabi ni pigo moja la sauti. Neno «kitabu» lina mapigo matatu: ki-ta-bu. Mkazo ni nguvu ya sauti inayoangukia pigo moja kuliko mengine. Katika habari hii silabi yenye mkazo nitaiandika kwa herufi kubwa: ki-TA-bu.

Kiswahili kina sheria nyepesi. Mkazo unakaa katika silabi ya pili toka mwisho. Neno likirefuka, mkazo unahama pamoja nalo: SO-ma, so-ME-a, so-me-SHE-a. Tena angalieni jambo moja: mkazo unahama, lakini ile o ya «soma» haibadiliki. Ikikazwa au isipokazwa, ni o ileile. Shikeni neno hili, kwa maana Kifaransa hakikufanya hivyo.

Kifaransa cha leo kinakaza silabi ya mwisho inayosikika: par-LONS, par-LEZ, par-le-RAI. Na maneno mengi yakisemwa kwa pumzi moja, mkazo unaangukia silabi ya mwisho ya fungu zima. Twasema: nous par-LONS, lakini: nous parlons BIEN. Ile e dhaifu ya mwisho haihesabiwi katika mazungumzo ya kawaida, na mwisho «-ent» wa nafsi ya tatu kwa wengi hausikiki. Hivyo «il parle» na «ils parlent» zinasikika sawasawa, na kitenzi ni silabi moja tu. Lakini katika mashairi na nyimbo ile e dhaifu huamka mara nyingi, na mwimbaji anaimba mapigo mawili: chan-te.

Kuandika nako kuna desturi yake. Ukitaka kukata neno mwishoni mwa mstari, konsonanti moja iliyo kati ya vokali mbili inakwenda na vokali inayofuata: te-nons, ai-mez. Konsonanti mbili kwa kawaida zinaachana: par-lons, chan-tez.

Mwisho, tusichanganye mkazo na alama. Alama za é, è na ê zinaonyesha vokali isomwe namna gani. Hazionyeshi mahali pa mkazo. Katika «préférons» kuna é mbili, lakini mkazo hauko kwa moja wala kwa nyingine: pré-fé-RONS.

2. Kilatini cha askari na wakulima

Kati ya mwaka 58 na mwaka 51 mbele ya Kristu, Julius Caesar aliiteka Gallia, nchi iliyokuwa mahali pa Ufaransa ya leo pamoja na sehemu za jirani. Wagallia walikuwa na lugha yao. Polepole, kwa muda wa karne nyingi, waliiacha wakashika Kilatini. Hawakujifunza katika vitabu vya Cicero. Walijifunza kwa askari, kwa wachuuzi, kwa wakubwa wa kodi. Kilatini hicho cha kusemwa ndicho mama wa Kifaransa.

Kilatini kilikuwa na sheria ya mkazo iliyo jirani na yetu. Neno la silabi mbili lilikazwa silabi ya kwanza. Neno la silabi tatu au zaidi lilikazwa silabi ya pili toka mwisho, kama silabi hiyo ilikuwa nzito, yaani yenye vokali ndefu au iliyofungwa na konsonanti. Kama ilikuwa nyepesi, mkazo ulirudi nyuma hatua moja, katika silabi ya tatu toka mwisho. Wakristu waliowahi kuimba Misa ya Kilatini wanajua jambo hili kwa masikio: lau-DA-mus, a-do-RA-mus, lakini be-ne-DI-ci-mus. Vitabu vya Misa vya Kilatini huweka alama ndogo juu ya vokali yenye mkazo, ili msomaji asikosee: laudámus, benedícimus.

Sasa chukueni kitenzi «tenere», maana yake kushika. Warumi walisema TE-net, anashika; TE-nent, wanashika. Lakini walisema te-NE-mus, tunashika, te-NE-tis, mnashika. Mkazo unahama kama katika SO-ma na so-ME-a. Katika nafsi nne, yaani mimi, wewe, yeye na wao, mkazo uko juu ya shina la kitenzi. Katika nafsi mbili, sisi na ninyi, mkazo umetoka shinani ukaenda kwenye mwisho wa kitenzi. Hapo ndipo ilipo mbegu ya mambo yote.

3. Yenye nguvu ilibadilika, dhaifu ilipotea

Katika karne ya tano Wafranki, taifa la Kijerumani, walishika utawala wa kaskazini mwa Gallia. Mfalme wao Clovis alibatizwa mjini Reims, na watu wake polepole wakashika lugha ya nchi. Lugha yao ya kwanza ilikaza sana silabi ya mkazo, na wataalamu wengi wanafikiri kwamba desturi hiyo iliongeza nguvu ya mkazo katika Kilatini cha kaskazini. Matokeo twayaona wazi. Silabi yenye mkazo ilivutwa, vokali yake ikarefuka hata ikapasuka kuwa mbili. Silabi zisizo na mkazo zilififia, na nyingi zilianguka kabisa kama majani makavu.

Tuangalie mifano.

Vokali e fupi ya Kilatini ikikazwa ikawa ie. TE-net ikawa «tient», lakini te-NE-mus ikawa «tenons». VE-nit ikawa «vient», lakini ve-NI-mus ikawa «venons».

Vokali o fupi ikikazwa ikawa ue, na baadaye eu. MO-vet ikawa «meut», lakini mo-VE-mus ikawa «mouvons». Kwa njia hiyohiyo tumepata «meurt» na «mourons», «peut» na «pouvons», «veut» na «voulons».

Vokali e ndefu ikikazwa ikawa ei, kisha oi. DE-bet ikawa «doit», lakini de-BE-mus ikawa «devons». Vivyo hivyo «reçoit» na «recevons», tena «boit» na «bevons» ya zamani, ambayo leo ni «buvons».

Vokali a ikikazwa mbele ya m ikawa ai. A-mat ikawa «aime», lakini a-MA-mus ikawa «amons». Ndiyo, wasomaji: zamani Wafaransa walisema «il aime» na «nous amons», na hakuna aliyeona kosa. (Ule mwisho «-ons» una historia yake mwenyewe, hapa twaangalia shina tu.)

Mnaona sasa? Kitenzi hakikuchezacheza. Sheria ilikuwa moja: vokali iliyokazwa inakwenda njia hii, vokali isiyokazwa inakwenda njia ile. Kwa kuwa mkazo ulikaa shinani kwa nafsi nne na kutoka shinani kwa nafsi mbili, shina moja lilipata sura mbili. Mtoto anayeona «tiens» na «tenons» anaona nyayo za mkazo uliopita hapo zamani.

Na silabi za mwisho je? Vokali za mwisho kwa kawaida zilianguka, isipokuwa a, iliyobaki kama e dhaifu. CAN-tat ikawa «chante». CAN-tant ikawa «chantent»: ile «-ent» ilisikika muda mrefu, kisha ikanyamaza, lakini mkono wa mwandishi haukuiacha. Ni kama jiwe juu ya kaburi: aliyelala chini hasemi tena, lakini jiwe linatuambia kwamba alikuwako.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali lingine kubwa. Kwa nini Kifaransa kinakaza silabi ya mwisho? Wengi wanafikiri kwamba Wafaransa waliusukuma mkazo mpaka mwisho wa neno. Sivyo. Mkazo ulikaa palepale ulipokuwa; ni silabi zilizokuja nyuma yake zilizoanguka. Can-TA-re ilipoteza e yake ya mwisho, ikabaki chan-TER. Mkazo haukutembea hata hatua moja. Ukuta wa nyuma ulibomoka, na chumba cha kati kikawa cha mwisho.

4. Maaskofu wa Tours na kiapo cha Strasbourg

Mabadiliko hayo yalikwenda polepole, baba kwa mwana, na waliosema hawakuyaona. Siku ya kuyaona ilifika katika utawala wa Charlemagne. Mfalme huyu alitaka mapadri wajue Kilatini safi. Mmojawapo wa washauri wake alikuwa Alcuin, Mwingereza wa York, aliyekuwa abati wa Saint-Martin mjini Tours toka mwaka 796 hata kufa kwake mwaka 804. Wataalamu kadha wanaona kwamba katika matengenezo hayo wasomaji walifundishwa kutamka kila herufi ya Kilatini kama ilivyoandikwa. Basi, silabi zilizokuwa zimekufa vinywani mwa watu zilifufuliwa kanisani. Mkulima aliyesimama nyuma hakutambua tena lugha ya mababu zake.

Mwaka 813 maaskofu walikutana katika Mtaguso wa Tours. Wangeweza kusema: «Watu hawa ni wajinga, wajifunze Kilatini.» Hawakusema hivyo. Waliamuru kwamba mahubiri yageuzwe kwa wazi katika «rustica romana lingua», yaani Kirumi cha watu wa shamba, au katika Kijerumani, ili wote waelewe kwa urahisi yanayosemwa. Ni mara ya kwanza tunayoijua ambapo wakubwa walikiri kwa maandishi kwamba lugha ya wanyonge wa Gallia si Kilatini kilichoharibika tu. Ni lugha nyingine, inayostahili kubeba neno la Mungu.

Miaka 29 baadaye lugha hiyo ilitumika mbele ya majeshi. Tarehe 14 Februari 842, mjini Strasbourg, wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis na Charles, waliapa kusaidiana juu ya ndugu yao Lothaire. Louis, mtawala wa Wajerumani, aliapa kwa Kirumi cha watu ili askari wa Charles wamwelewe. Charles naye aliapa kwa Kijerumani. Nithard, mwanahistoria aliyekuwa jamaa yao, aliandika maneno yao kama yalivyosemwa. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya Kifaransa tuliyo nayo.

Ndani ya kiapo kile mna kitenzi kimoja kinachofaa somo letu: «salvarai», nitaokoa. Tukikate: sal-va-RAI. Kilatini cha vitabu kilisema sal-VA-bo. Lakini watu wa kawaida walizoea kuunga maneno mawili: «salvare habeo», yaani ninalo la kuokoa. Polepole «habeo» ilipungua hata ikawa «ai», ikagandamana na kitenzi, na mkazo wake ukabaki mwishoni. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wakati ujao wa Kifaransa: chan-te-RAI, fi-ni-RAI, tien-DRAI. Miisho -ai, -as, -a na -ont ni kitenzi «avoir» chenyewe.

Msishangae. Kiswahili nacho kilifanya vivyo hivyo. Ile -ta- ya «nitasoma» ni kitenzi «taka» kilichopungua, na mpaka leo chajionyesha kizima tukisema «atakayesoma». Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimepita njia moja, kwa sababu kinywa cha mtu ni kimoja popote.

5. Kitenzi kilichotoka katika Injili

Pengine sheria ya mkazo ilikata kitenzi hata pande zake mbili zisitambuane. Mfano mzuri ni «parler», kusema.

Warumi wa kale walikuwa na neno lingine kwa kusema, nalo ni «loqui». Lakini Wakristu waliposikia Injili walizoea neno «parabola», lililotoka Kigiriki, maana yake mfano, kama mifano ya Bwana wetu. Neno hilo likapata maana ya «neno» tu, na katika Kilatini cha watu likazaa kitenzi «parabolare». Kwa hiyo kila Mfaransa anaposema «je parle», hata kama hajui, anatumia neno lililotoka katika mifano ya Yesu.

Sasa sikilizeni silabi zake. Katika nafsi ya tatu mkazo ulikuwa katikati, juu ya silabi ya pili: pa-RA-bo-lat. Silabi hiyo ilijikaza ikabaki, na Kifaransa cha kale kikasema «il parole». Katika nafsi ya sisi mkazo ulikwenda mbele: pa-ra-bo-LA-mus. Zile silabi za kati zikawa dhaifu, zikaminywa, zikaanguka: «nous parlons». Basi, katika karne ya kumi na mbili mtu wa Paris alisema: je parol, tu paroles, il parole, nous parlons, vous parlez, ils parolent. Kitenzi kimoja, sura mbili. Ile sura ya kwanza imetoka katika kitenzi, lakini jina lake lingali hai: «la parole», neno.

«Manger» ni ndugu yake. Kinatoka katika «manducare», kitenzi ambacho wanaojua Misa ya Kilatini wanakikumbuka katika «manducate», kuleni. Man-DU-cat ilikuwa na mkazo juu ya u, na Kifaransa cha kale kikasema «il manjue». Man-du-CA-mus haikuwa na mkazo hapo, u ikaanguka, na watu wakasema «nous manjons». Leo imebaki sura moja tu.

6. Mbona «vendre» na mbona «devoir»?

Shuleni tunajifunza kwamba vitenzi vya Kifaransa vina miisho minne: -er, -ir, -oir, -re. Hapa pia mkazo ndio uliogawa.

Can-TA-re ilikazwa juu ya a, ikawa «chanter». Fi-NI-re ilikazwa juu ya i, ikawa «finir». De-BE-re na ha-BE-re zilikazwa juu ya e ndefu, na tulikwisha kuona kwamba e ndefu ikikazwa yawa oi: «devoir», «avoir». Lakini VEN-de-re na PER-de-re zilikazwa shinani, na ile e ya katikati ikawa dhaifu, ikaanguka. Kilichobaki ni «vendre» na «perdre».

Na vokali ya katikati ikianguka, konsonanti zilizotengwa hukutana ghafula. Katika MO-le-re, kusaga, l na r zilikutana. Kinywa kikaona taabu kutoka l hata r, kikatia d kama daraja. Baadaye ile l ikageuka u, na daraja likabaki: «moudre». Lakini «nous moulons» haina d, kwa kuwa l na r hazikukutana hapo. Ndiyo sababu twaona d pia katika «je tiendrai» na «je viendrai», ijapokuwa «tenir» na «venir» hazina d. N na r zimekutana, na daraja limejengwa.

Kwetu daraja hili si geni. Twasema mti mrefu, lakini nyumba ndefu. Ile d ya «ndefu» imetoka wapi? Imetokea pale n ilipokutana na r. Mtoto wa Kiswahili anaijua sheria hiyo kinywani mwake kabla ya kuingia shuleni.

7. Watu wanapenda usawa

Kama sheria ni hiyo, kwa nini leo hatusemi tena «nous amons» wala «il parole»? Kwa sababu lugha inavutwa na nguvu mbili. Mkazo unagawanya, mazoea ya watu yanaunganisha. Mtu anayesema kila siku anapenda kitenzi kiwe na shina moja. Toka mwisho wa enzi za kati watu walianza kusawazisha.

Pengine sura yenye mkazo ilishinda: kwa «aime» na «amons», aim- ilichukua vyote. Kwa «il pleure» na «nous plorons», pleur- ilishinda. Pengine sura dhaifu ilishinda: «parlons» ilivuta «parle» nyuma yake. Kwa kitenzi «trouver», zamani walisema «il treuve» na «nous trouvons», na mashindano yalikuwa marefu. Mwaka 1647 Vaugelas, mtaalamu wa Académie française iliyoanzishwa mwaka 1635, alipendelea «trouver» kuliko «treuver». Lakini mwaka 1666 Molière alitumia bado «treuve» katika mchezo wake «Le Misanthrope», ili ipatane na «veuve» mwishoni mwa mstari. Baadaye «treuve» ilikufa.

Vitenzi vilivyokataa kusawazishwa ni vile vinavyosemwa kila saa: tenir, venir, pouvoir, vouloir, devoir, boire, mourir. Njia inayopitwa kila siku haioti majani. Sura zao mbili zilikuwa midomoni mwa kila mtu toka utoto, hakuna aliyepata nafasi ya kuzisahau. Kwa hiyo vitenzi ambavyo mwanafunzi wetu anaviona vigumu ndivyo ambavyo Mfaransa anavitumia zaidi. Na ni vigumu kwa sababu hiyohiyo.

Tena sheria haikufa yote. Inafanya kazi mpaka leo katika vitenzi vyenye e dhaifu. Kateni silabi: nous le-VONS, mkazo uko mwishoni, na e ya kwanza ni dhaifu. Lakini «je lève» ina e ya mwisho isiyosikika. Mkazo unaangukia silabi iliyotangulia, na e dhaifu haiwezi kubeba mkazo. Lazima ipate nguvu, na alama è yaonyesha nguvu hiyo. Vitenzi vingine vinaonyesha kwa konsonanti mbili: nous appelons, j'appelle, nous jetons, je jette. Mwaka 1990 yalitolewa mapendekezo yanayoruhusu è katika vitenzi vingi vya namna hii, lakini «appeler» na «jeter» viliachwa na konsonanti zao mbili.

8. Waliovumbua sheria

Kwa karne nyingi hata Wafaransa wenyewe walijibu «ndivyo kilivyo». Katika karne ya kumi na tisa Mjerumani Friedrich Diez, mwalimu wa Bonn, alilinganisha kwa taratibu lugha zote zilizotoka katika Kilatini. Mfaransa mmoja kijana, Gaston Paris, alikwenda Bonn kusoma kwake. Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, alitoa kitabu juu ya kazi ya mkazo wa Kilatini katika lugha ya Kifaransa. Alionyesha kwamba silabi yenye mkazo ndiyo inayodumu katika neno, na kwamba ukijua mahali pa mkazo umeshika ufunguo wa maneno yaliyorithiwa toka Kilatini. Mwaka 1876 Arsène Darmesteter aliongeza sheria ya silabi dhaifu zilizo mbele ya mkazo: kwa kawaida zilianguka, isipokuwa silabi ya kwanza ya neno, na isipokuwa vokali a, iliyobaki kama e. Sheria hiyo ndiyo inayotueleza ile «parlons» ya fupi.

Angalieni jambo hili: maneno yaliyochunguzwa na wataalamu hao hayakutengenezwa na wataalamu. Yalitengenezwa na wale watu wa «rustica romana lingua».

9. Tupate faida gani?

Kwa mwalimu, faida ni hii. Akifundisha «tenir», achore mstari mmoja ubaoni. Upande huu aweke je, tu, il, ils. Upande huu nous na vous. Aseme: hapa mkazo wa Kilatini ulikaa shinani, hapa ulihama. Kisha aandike «venir», «pouvoir», «vouloir», «devoir», «recevoir», «boire», «mourir» kwa namna ileile. Badala ya kubeba mizigo minane, mtoto anabeba mmoja.

Kwa msomaji wa kanisani na mwimbaji, faida ni hii. Kiswahili kinatuvuta kukaza silabi ya pili toka mwisho, na hivyo twasema PAR-lons mahali pa par-LONS. Tena kinatuvuta kutamka kila herufi, na hivyo twaipa «parlent» silabi mbili hata katika kusoma, mahali ambapo ni moja. Haya si makosa ya akili ndogo. Ni desturi ya lugha yetu, nayo ni desturi njema nyumbani kwake. Ukijua linakotoka kosa, unaweza kulirekebisha bila aibu. Kabla ya kusoma, kata sentensi kwa mafungu ya pumzi, tafuta silabi ya mwisho inayosikika ya kila fungu, weka mkazo hapo, na silabi nyingine uzipitie sawasawa.

Na tukumbuke kwamba sisi pia tunatengeneza maneno kwa mkazo wetu. Kifaransa kinasema vé-LO. Sisi twasema VE-lo, mkazo umerudi nyuma. Lakini «l'hôpital», lo-pi-TAL, ilipofika Kongo ikapata i mwishoni, nayo ikawa lo-pi-TA-li. Mkazo wetu wa pili toka mwisho umeangukia mahali palepale pa mkazo wa Kifaransa. Hakuna aliyepanga jambo hilo ofisini. Ni kazi ya vinywa vya watu, kazi ileile iliyogeuza te-NE-mus kuwa «tenons».

Basi, wapenzi wasomaji, mtu akicheka Kiswahili cha kijijini, au Kifaransa cha mtoto anayeanza, akumbuke wakulima wa Gallia. Wenye vitabu wa siku zao waliyaona maneno yao kuwa Kilatini kibovu. Maaskofu wa Tours waliona zaidi ya hapo, wakataka mkulima naye asikie akaelewa. Maneno yale yaliyodharauliwa yalikuja kuandikwa katika sheria za wafalme, na leo watoto wetu wanaulizwa hayohayo katika mitihani. Mtoto akiuliza «sababu gani?», tusimnyamazishe. Tumkalishe, tumkatie silabi, tumwonyeshe mkazo ulipopita.